Funza wa Kwamhina

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa baadaye. Nikiona unywele kwenye mchuzi, sahani naiacha. Mtu akikohoa karibu na mtungi, maji yale siyanywi tena siku hiyo. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutunza chumba kichafu kuliko vyote kati ya Mombo na Korogwe, akakitunza miaka kumi na mmoja.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ofisi ya shamba la mkonge. Wazungu wa shamba walikiita makumbusho. Sisi tuliozaliwa kambini, watoto wa manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali, tulikiita chumba cha mizoga, na hatukukosea. Mlikuwa na simba aliyejazwa pamba, jicho moja la kioo likining'inia. Mlikuwa na chui aliyeliwa na nondo mpaka tumboni. Mlikuwa na mguu wa tembo uliochimbwa ndani, ambao mameneja walitupia vichungi vya sigara zao, na vichungi vile vilikuwamo bado. Halafu droo za ndege waliokaushwa, nyoka kwenye chupa za spiriti, na wadudu, wadudu, wadudu. Kila asubuhi nikifungua mlango harufu ilinipokea kifuani, nami nilirudi nje kwanza nikateme mate.

Serikali ilipotaifisha shamba mwaka sitini na saba, ilikipata na chumba. Mwaka uliofuata ikaja amri kwamba maandishi yote ya kikoloni yaondolewe, yaandikwe kwa Kiswahili. Mimi Yordani nina mwandiko. Wala sijisifu, hata walimu wa misheni walikuwa wakiwaonyesha wenzangu daftari langu. Nikapewa kadi mpya za kujaza, zenye mistari mitatu: Jina, Faida au Madhara, na Funzo kwa Taifa. Mstari wa mahali haukuwamo. Wala wa aliyeokota. Nikajaza kadi mia sita na zaidi kwa wino mweusi, herufi zimesimama vizuri kabisa. Karatasi za zamani nikazikusanya uani, nikazitia kiberiti. Nilikuwa na mahindi mawili mabichi siku hiyo. Nikayachoma juu ya moto uleule, nikala.

Chupa moja tu sikuibadilisha. Ilikuwa chupa nene ya funza wa mabua, wale wanaotoboa mahindi. Karatasi yake haikubandikwa nje. Ilitumbukizwa mlemle ndani, imeandikwa kwa penseli, maana penseli haiyeyuki kwenye spiriti. Kuitoa kulitaka mtu aingize mkono katikati ya funza, tena funza waliovimba, weupe, waliolegea, wakiogelea kwenye maji ya rangi ya chai. Nilifungua kifuniko, nikachungulia, nikatapika dirishani. Nikaifunga, nikaisukuma nyuma ya kabati, na kadi yake mpya nikaiegemeza mbele ya chupa. Nani angejua?

Basi mwaka sabini na nne, mwaka wa njaa, ikaja barua. Chumba kinatakiwa kiwe stoo ya ule unga wa njano ambao watu waliuita unga wa Yanga. Mizoga yote ifukiwe shimoni pamoja na chokaa. Ila kwanza, ilisema barua, viteuliwe vile vyenye maana zaidi, vipigwe picha, na picha hizo pamoja na orodha yake zigongwe mhuri na kuwekwa kwenye kumbukumbu za wilaya. Filamu ilikuwa moja, ya picha thelathini na sita. Kuchagua kipi kitangulie aliachiwa afisa utamaduni, Bwana Kasmiri.

Huyu Kasmiri alikuwa amewahi kufundisha shule ya Misima kabla hajapata cheo, na tangu apate cheo alitembea na leso ya manukato. Nitamsema baadaye. Kwanza nimseme Bi Chausiku, maana bila yeye mimi ningeiacha chupa ile iende shimoni na ningeshangilia.

Bi Chausiku alikuwa mama wa Kwamhina, kijiji kidogo ng'ambo ya reli, kimepakana na mkonge. Mama yangu alipougua kambini baada ya kujifungua mdogo wangu, ndugu hatukuwa nao, kwetu Songea ni mbali. Bi Chausiku alikuwa akivuka reli kila asubuhi na chungu cha uji kichwani, mwezi mzima, wala hatukuwa dini moja wala kabila moja. Nisingeweza kumsahau hata kama ningetaka.

Mwaka ule ndio ulikuwa wa kuhamishia watu vijijini. Kwamhina waliambiwa hawana kijiji, ni wavamizi wa juzi walioingia kwenye ardhi ya shamba baada ya mkonge kuachwa. Wahame, waende juu kule kwenye njia ya Handeni, mahali pakavu ambapo hata mbuzi anatafuta kivuli. Wakionyesha maandishi kwamba walikuwapo kabla ya vita vya Hitla, wataandikishwa palepale walipo. Wakaonyesha makaburi ya wazee wao. Wakaambiwa kaburi si maandishi. Bi Chausiku akatumwa wilayani awasemee, kwa kuwa haogopi watu. Mara ya kwanza akaambiwa njoo wiki ijayo. Mara ya pili, njoo wiki ijayo. Mara ya tatu, hivyohivyo. Hakuna neno linalonichefua kama hilo. Mtu anakutazama usoni, anajua kabisa hana lolote la kukupa, na anakutembeza maili kumi na mbili kwa miguu ili asione haya kwa dakika moja.

Alipotoka huko mara ya tatu alipitia kwangu kuomba maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi yule mzungu wenu wa wadudu hakuacha vitabu?"

"Mzungu gani?"

"Wa miaka ile, mimi sijaolewa. Alikuja kwetu wakati funza wamekula mahindi yote. Akahesabu nyumba, akahesabu mashamba. Sisi wasichana tukamwokotea funza, tukapewa chumvi. Mimi niliokota wengi kuliko wenzangu. Aliandika kila kitu, yule. Hata jina langu aliniuliza."

Nilisimama na kata ya maji mkononi. Nikaenda nyuma ya kabati, nikaitoa ile chupa na kuifuta vumbi kwa gunia. Ndani, kati ya funza, kona ya karatasi ilikuwa imegusa kioo. Nikasoma kwa shida neno moja: Kwamhina. Na chini yake tarakimu mbili, tatu na nne. Yaliyobaki yalikunjwa ndani.

Bi Chausiku hajui kusoma. Nilipomwambia alikaa chini pale mlangoni, akaziweka kanga zake vizuri magotini.

"Basi tuwapelekee chupa," akasema.

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Chupa ni mali ya umma, kuitoa nje ya lango ni wizi. Karatasi yenyewe imekaa miaka arobaini kwenye spiriti, ukiipandisha hewani inavunjika kama mkate mkavu. Njia ni moja tu: ipigwe picha ikiwa mlemle majini, na picha igongwe mhuri. Na kuna picha thelathini na sita, na siku ya kupiga ni Jumanne, na Jumatano shimo linafukiwa.

"Haya," akasema. "Jumanne nitakuja."

Jumanne Kasmiri akaja saa tatu, na leso yake, na suti yake ya Kichina aliyoifunga vifungo mpaka kooni. Pamoja naye alikuja Salimu, mpiga picha wa Korogwe mjini, yule mwenye studio ndogo karibu na soko, mtu mnene, mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Nilikuwa nimeandaa orodha usiku kucha kichwani. Nikaisema kwa adabu zote.

"Bwana Afisa, naomba tuanze na wadudu wa mashamba. Mkulima ndiye wa kwanza siku hizi, na adui yake afahamike kwanza. Mlangoni hapo mmebandika wenyewe, Kilimo cha Kufa na Kupona."

"Wadudu gani?"

Nikamletea chupa. Alipoiona alirudi nyuma hatua mbili, leso puani.

"Toa uchafu huo. Unataka wilaya iweke picha ya funza kwenye kumbukumbu?"

"Kuna karatasi ndani, bwana. Inataja kijiji, inataja mwaka. Watu wa Kwamhina..."

"Sikuja hapa kwa habari za Kwamhina. Nimekuja kwa fahari ya Taifa. Leteni simba."

Fahari ya Taifa. Tukamtoa simba uani, mimi na Salimu, na njiani mkia ukabaki mikononi mwangu. Pamba ikamwagika, na katika pamba ile mkatoka mende wakubwa wakakimbilia suruali yangu. Kasmiri akaagiza mkia uegemezwe kwa fito. Picha ya kwanza simba peke yake. Ya pili simba na bendera. Ya tatu simba na Kasmiri. Ya nne Kasmiri na simba, mguu mmoja juu ya mgongo wa mnyama, kidevu juu, utadhani amemwua yeye asubuhi ile kwa mkono mtupu. Mnyama huyo aliuawa na meneja mmoja mlevi akiwa juu ya gari, kila mtu kambini anajua. Kasmiri akabadilisha upande, akachana nywele, akarudia. Simba peke yake alimeza picha kumi na moja.

Mimi nilikuwa nahesabu. Bi Chausiku alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, naye anahesabu kwa vidole bila kutikisa midomo. Ulikuja mguu wa tembo. Afisa akaukalia kama kigoda, picha nne, vichungi vya sigara za wakoloni vikiwa chini ya makalio yake. Akaja chui mwenye tundu. Zikaja pembe. Akaja kasuku aliyepauka rangi. Picha ya ishirini nikasema tena, kwa upole, "Bwana, na wadudu?" Akajibu bila kunitazama, "Tutaona." Picha ya thelathini nikasema tena. Akaniambia nina ukaidi wa watu wa kambini.

Nilimtazama mtu yule nikamwonea kinyaa. Uchafu wa chupa nauelewa, funza hana aibu kwa sababu hana akili. Lakini mtu mzima, aliyesomeshwa kwa kodi ya watu haohao, anayaona macho ya mama aliyekaa chini kwenye vumbi tangu asubuhi, na bado anageuza shavu la kushoto ili kasoro ya la kulia isionekane. Nilitaka kumvika ule mkia shingoni.

Thelathini na nne, thelathini na tano. Ya mwisho akataka tusimame wote, "kamati nzima," akasema, yeye katikati. Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, na nilitabasamu pia, picha ipo.

"Thelathini na sita," akasema Kasmiri, akakunja leso. "Kazi imekwisha. Yordani, andaa orodha, niisaini kabla sijaondoka. Mwenyekiti wa tawi amenichinjia kuku."

Akaenda zake kula. Bi Chausiku hakulia wala hakulaani. Alisimama tu, akajipangusa vumbi la kanga, akamwambia Salimu ahsante kwa kazi, kama mtu aliyekuja msibani.

Salimu hakuondoka. Alikuwa anaigusagusa kamera yake.

"Mzee Yordani," akasema, "hiyo chupa iko wapi?"

"Ya nini sasa? Filamu imekwisha."

"Imekwisha kwa anayesoma boksi. Mimi huwa naifunga kwa ubahili, mwanzoni sipotezi hata kipande. Hutoka thelathini na saba. Kuna siku ilitoka thelathini na nane, lakini hiyo siwezi kuapa."

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, nilikimbia. Tukaiweka chupa dirishani penye mwanga, Salimu akapiga magoti akachungulia kwa kamera, akainuka akitikisa kichwa. Karatasi imekunjika, akasema. Anaona funza, anaona kona, na basi. Lazima mtu aingize mkono, aikunjue taratibu na kuishikilia kwenye kioo mpaka amalize.

Tukatazamana. Salimu akasema mkono wake ukiingia mle utakuja kutetemesha kamera, na huo ulikuwa uongo wa heshima. Nikakunja shati. Nikafungua kifuniko. Harufu ilipanda, ile harufu, tamu na mbovu kwa pamoja, nikaingiza vidole viwili mpaka kwenye maji, funza mmoja akanigusa, laini, na ngozi yake ikachunika ikanibaki kwenye kucha. Nikatoa mkono nikatapikia palepale nilipotapikia miaka sita kabla.

Bi Chausiku akanisogeza kwa bega.

"Ondoka, mwanangu. Hawa nawajua."

Akakunja kanga begani, akazamisha mkono mpaka karibu na kiwiko, akawatenga funza kwa vidole taratibu, kama achambuaye mchele. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akaipata karatasi. Akaikunjua kona kwa kona bila kuichana, akailaza kwenye kioo, kiganja kikiisukuma kwa nyuma.

"Inasemaje?" akaniuliza.

Ilikuwa Kiingereza. Nikamsomea kwa Kiswahili: "Funza wa mabua. Shamba la mahindi la Mhina Mbwana, kijiji cha Kwamhina, nyumba ishirini na tatu. Aprili, 1934. Waokotaji: wasichana wa kijiji, hasa Chausiku binti Mhina."

"Ni ishirini na nne," akasema. "Ya mjomba alisahau. Piga, Salimu."

Salimu akapiga. Akaizungusha filamu, ikakwama. Imekwisha kweli.

Niliketi nikaandika orodha kwa mwandiko wangu mzuri, moja mpaka thelathini na sita, na chini kabisa: 37. Funza wa mahindi na karatasi yake, Kwamhina, 1934. Kasmiri alirudi akinuka kuku, akasoma mistari mitano ya juu, ile yenye jina lake, akasaini. Jumatano shimo likafukiwa. Chupa nayo ikaenda.

Baada ya wiki tatu picha zikarudi na mhuri. Ile ya mwisho ilionyesha kiganja cha mama, funza wamemzunguka vidole, na karatasi inasomeka herufi kwa herufi. Watu wa kamati ya vijiji waliishika pembeni pembeni kwa ncha za kucha, mmoja akauliza kama kuna ulazima wa kuitazama. Lakini waliisoma. Kwamhina ikaandikishwa palepale ilipo. Siku ile sikula chakula cha mchana kwa furaha, na mimi si mtu wa furaha.

Mwezi wa nne, mvua zimejitahidi kidogo, Bi Chausiku alikuja stooni kwangu na kikapu cha mahindi mabichi. Sasa nilikuwa karani wa unga. Akaniletea na makaa kwenye kigae, akayachoma mwenyewe pale uani, akanipa moja la moto. Tukala. Alikuwa na furaha, ananitania kwamba tumbo langu ni la bibi harusi.

Halafu akafuta mikono.

"Yordani, nimekuja pia na shida ya mdogo wangu, Tatu. Aliolewa Kwasemboza, hapo chini. Wameambiwa na wao ni wavamizi. Lori linakuja Jumamosi. Nami nakumbuka yule mzungu alifika Kwasemboza. Walimwokotea panzi. Tulikwenda kutazama, na Tatu mwenyewe alikuwapo, mdogo, anashika kikapu. Panzi wale walikuwa wakavu, kwenye boksi, karatasi imebandikwa chini yao kwa pini. Panzi wenyewe najua mmewafukia, ila karatasi kavu labda mliiweka; nitafutie hiyo."

Panzi wa Kwasemboza nawakumbuka. Droo ya tisa. Kadi niliandika mwenyewe: Panzi. Huharibu mazao. Funzo kwa Taifa: Tushirikiane. Ni kadi nzuri, sina kasoro ya kuitoa. Karatasi yao ilikuwa kavu, safi, haina harufu, ilitoka kwenye pini bila taabu yoyote. Iliwaka vizuri pia.

Angalau ningesema. Alikuwa amekaa mbele yangu, mkono uleule umeshika gunzi la hindi, na uani palikuwa palepale, hata alama ya moto wa zamani ilikuwa bado ukutani. Ilitakiwa sentensi moja. Nikaitafuta, nikaona haya, nikajichukia, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hiyo bado tunaitafuta, mama," nikamwambia. "Njoo wiki ijayo."

Aliniangalia. Anayajua maneno hayo kuliko mimi, aliyasikia mara tatu kwa miguu.

"Lori ni Jumamosi," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akakusanya magunzi, langu na lake, akayatia kikapuni, akavuka reli kurudi kwake. Nikaenda bombani nikanawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena, mpaka karani mwenzangu akaniuliza nimeshika nini.